Uzi Ukikatika, Tazama Kimtumbwi

Uzi unapokatika-katika katika mtambo wa kufumia nguo, watu hulaumu pamba. Mzee aliyelima pamba Hola kabla ya Mto Tana kuhama njia yake mwaka 1989 akisikia hayo huudhika, naye ana haki. Mara nyingi kosa ni la kipande kidogo cha mtambo.

Nyuzi za urefu ndizo mtande. Uzi unaokatiza ni mshindio. Mshindio hubebwa na kipande cha mti mfano wa mtumbwi mdogo, basi na tukiite kimtumbwi. Mwaka 1733 Mwingereza John Kay alikitia magurudumu madogo na kamba ya kukirushia, hata nguo pana iliyotaka wafumaji wawili ikafumwa na mmoja. Mtambo ulikuwa ule ule!

Ikiwa kikundi chenu kina mtambo, pitisheni kidole juu ya kimtumbwi. Panapokwaruza kidole ndipo panapokata mtande. Pigeni msasa laini, mpake nta ya nyuki, kisha msugue kwa kitambaa. Mafuta ya mashine hayafai, maana hutia nguo madoa. Tazameni na tundu la kutokea uzi: likichimbika, uzi hukwama humo.

Tena liko chanuo la kushindilia. La chuma hushika kutu wakati wa mvua, basi lifutwe na kuwekwa pakavu. Zamani meno yake yalifanywa kwa matete, na matete Garsen si haba. Fundi ayachonge sawasawa, kwa nafasi moja. Jino likipinda, nguo nzima itakuwa na mstari.