Visiki vya Uwanja Wetu

Kila siku mnatuuliza: hivi visiki vya uwanja vitatoka lini? Tunajibu, lakini kwanza tunakubali kosa. Siku ya kuangusha ile mikalitusi, tuliikata chini kabisa, sawasawa na udongo, tukasema kazi iko safi. Kumbe tulitupa leve yetu! Mtu anayetaka kung'oa kisiki kwa mikono anaacha shina la mita 1 na nusu hivi. Anachimba pande zote, anakata mizizi ya kando, halafu anafunga kamba juu kabisa na kuvuta. Kamba ikiwa juu, watu kumi wanatosha. Ikiwa chini, hata darasa zima litavuta bure. Jumamosi tatu za salongo, kisiki kimoja tu ndicho kilitoka, na mwenzetu mmoja alijikata mguu kwa shoka. (Sasa anatembea, asante Mungu.)

Njo maana wengine wanasema: tukodi mashini ndogo ya kuchimba. Hapa Kamituga mashini za namna hiyo tunazijua ju ya dhahabu. Sawa, lakini mashini ni mkono tu. Kazi inategemea chombo kinachofungwa mwisho wa mkono ule. Ndoo yake ya kawaida ni ya kuhamisha udongo. Ukiilazimisha kwenye mzizi mnene itaharibika. Kinachofaa zaidi ni jino moja refu, lililopinda kama kucha ya kuku. Nguvu yote inakusanyika fasi moja ndogo: linakata mizizi mmoja mmoja kwa kuzunguka, kisha linaingia chini ya kisiki na kukiinua. Kuna tena parafujo nene ya chuma, yenye umbo la karoti. Inazunguka, inaingia katikati ya mti na kuupasua. Na kuna gurudumu lenye meno, ambalo linasaga kisiki kuwa vipande vidogo, mizizi inabaki chini ioze polepole. Hilo gurudumu linapenda kisiki kifupi, kwa hiyo kosa letu pengine si kosa kwake.

Nguvu inatoka wapi? Wa darasa la fizike wakumbuke Pascal. Mafuta yanasukumwa kwa presha, tuseme kilo 200 kwa kila santimeta mraba. Pistoni yenye upana wa santimeta 8 ina eneo la santimeta mraba 50 hivi. Zidisha: kilo 10,000, maana yake tani 10! Lakini zote hazifiki kwenye jino, kwa sababu mkono wa mashini ni leve inayopunguza nguvu ili kuongeza mwendo. Tena mashini ya tani 5 haiwezi kuinua kisiki kinachoshika kuliko uzito wake. Kisiki kinabaki, mashini njo inainuka. Kwenye mteremko inapinduka na dereva wake.

Na hapa tunafika kwenye jambo tulilobishana sana. Visiki vya uwanjani vitoke, tumekubaliana wote. Lakini vile sita vya mteremko, juu ya madarasa? Wengi walitaka vitoke vyote mara moja. Sisi tulikataa, na Bwana Prefe alitusikiliza. Mizizi njo inashika udongo ule. Ukiing'oa, unaacha shimo la kunywa mvua, na mvua ya kwetu mnaijua. Hata mti ukikatwa bila kung'olewa, mizizi ikifa inaoza, na baada ya miaka michache mteremko unalegea. Bahati njema kalitusi haifi upesi: kisiki chake kinatoa machipukizi, na mizizi inaendelea kuishi.

Basi, tafadhali, wale wanaochukua machipukizi ya mteremko kuwa fimbo za kuchungia mbuzi, waache. Na Jumamosi ijayo, wenye majembe na shoka waje saa moja asubuhi, upande wa goli la chini. Tutaanza na kisiki kidogo.