Hujajiunga, Lakini Unakatwa

Mwisho wa mwezi, mwalimu wa Mikumi anafungua hati yake ya mshahara kwenye simu. Tuseme analipwa shilingi 800,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF, unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inang'oa asilimia 15, ambayo ni 120,000. Kodi nayo haijamsahau. Halafu kuna mstari mmoja mfupi: chama cha wafanyakazi, asilimia 2, shilingi 16,000.

Hayo mengine anayanung'unikia kidogo, kisha anayameza. Mstari huu wa mwisho ndio unaowasha mjadala kwenye ofisi ya walimu, kwa sababu wapo wanaokatwa ambao hawajawahi kujaza fomu yoyote. Kwa mwaka ni shilingi 192,000, na utani wa siku nyingi wa walimu ni kwamba pesa hizo hurudi Mei Mosi zikiwa fulana na kofia.

Utani huo unakionea kidogo Chama cha Walimu Tanzania, CWT. Ndicho kilichoitisha mgomo wa nchi nzima Julai 30, 2012, kikidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, mpaka Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ilipousimamisha siku chache baadaye. Hata hivyo, swali la mwalimu asiyejiunga liko palepale: nani aliruhusu mkono huu uingie mfukoni mwangu?

Jibu ni kwamba sheria iliruhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi halazimishwi kujiunga na chama, na Katiba, Ibara ya 20, inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama chochote. Lakini kifungu cha 72 cha sheria hiyo kinaruhusu chama chenye wafanyakazi wengi kukubaliana na mwajiri kuwakata hata wasio wanachama. Makato hayo huitwa ada ya uwakala. Hoja yake inaeleweka: chama kikijadiliana mshahara ukapanda, unapanda kwa wote, hivyo asiyechangia anakula jasho la wenzake. Masharti yapo. Ada isizidi ile ya mwanachama, iwekwe kwenye akaunti ya peke yake, itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo pa kazi, na isiende kwenye chama cha siasa.

Kwa mnung'unikaji wa Mikumi, hapo ndipo penye uchungu. Kama ni mwanachama, anaweza kujitoa kihalali kabisa: barua ya notisi ya mwezi mmoja, nakala kwa mwajiri na nakala kwa chama. Mwezi unaofuata anafungua hati yake na kukuta shilingi 16,000 zile zile zimeondoka, safari hii kwa jina la uwakala. Alichopoteza ni kura ya kumchagua au kumwondoa kiongozi.

Vyama vya wafanyakazi nchini vina historia ndefu, na Kilosa, wilaya iliyo na Mikumi, inayo sehemu yake. Katika miaka ya 1950 vibarua wa mashamba ya mkonge huko Kimamba na Rudewa walikuwa sehemu ya tabaka la wafanyakazi lililozaa vyama huru na shirikisho lao la TFL, lililoundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, serikali ilivunja TFL na kuunda chama kimoja cha nchi nzima, NUTA. Katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Ukitaka kumshtaki kiongozi wa chama kwa serikali, unamkuta ameketi upande wa pili wa meza! Ikaja JUWATA, ikaja OTTU mwaka 1991, na mlango wa vyama vingi vya wafanyakazi ukafunguka sawasawa sheria mpya ya vyama vya wafanyakazi ilipoanza kutumika Julai 2000.

Vyuo vikuu vya umma navyo haviko mbali na mzozo huu. Basi la kutoka Mikumi kwenda Morogoro hupita njia panda ya kuingilia Chuo Kikuu Mzumbe, na Morogoro yenyewe ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Katika vyuo vya aina hiyo vyama vya RAAWU na THTU hugombea wafanyakazi wale wale, na asiyeridhika na kimoja huhamia kingine. Wahadhiri wengi huona jumuiya zao za kitaaluma, UDASA pale Dar es Salaam au SUASA pale SUA, ndizo zinazowasemea hasa. Tatizo ni kwamba jumuiya si chama cha wafanyakazi, na haiwezi kusaini mkataba wa hali bora.

Wamarekani walilikata fundo hili kwa njia nyingine. Juni 27, 2018, Mahakama ya Juu yao, katika kesi ya Mark Janus, mtumishi wa jimbo la Illinois, iliamua kwamba mtumishi wa umma asiye mwanachama hawezi kukatwa ada hiyo bila ridhaa yake, wakiwemo wa vyuo vikuu vya umma. Hukumu ya mwaka 1977 iliyoruhusu makato hayo ikatupwa. Kenya, kama sisi, bado inayaruhusu.

Hapa kwetu njia iliyobaki ni ya kuhesabu vichwa. Wafanyakazi 20 wanatosha kufanya mkutano wa kuanzisha chama, na baadhi ya walimu wamejaribu, kwanza na CHAKAMWATA, kisha CHAKUHAWATA. Kuanzisha ni rahisi. Kuwapata walio wengi, ili chama kipya ndicho kitambuliwe na mwajiri, ni kazi ya miaka.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, ipo hatua ndogo ambayo haihitaji hata mtu wa pili. Akaunti ya ada ya uwakala ni takwa la sheria. Wewe unayekatwa bila kujiunga, mwandikie katibu wa tawi lako, uombe kuonyeshwa kilichoingia humo na kilichotoka.