Utangulizi: Kuwahesabu Wasiofika Hospitali

Daktari wa wodini humtibu mgonjwa aliyefika. Mtafiti wa afya ya jamii huanza na yule ambaye hakufika: mtoto aliyefia nyumbani, mama aliyejifungulia njiani, kijana anayekohoa mwezi wa pili huku akinunua dawa dukani. Ukija kwetu kusomea shahada ya uzamivu, swali la kwanza utakalokutana nalo ni hilo: hao tutawajuaje?

Mwaka 1996 watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, Tanzania, walianza kufuatilia kaya za vijiji kadhaa vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Kila baada ya miezi minne mdodosaji alirudi mlangoni kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia, nani kaondoka. Wapo wanaoiita kazi ya karani. Kwangu mimi huo ndio uti wa mgongo wa fani nzima, maana vyandarua vyenye dawa vilipoanza kuuzwa huko mwaka 1997 kwa jina la Zuia Mbu, daftari la waliozaliwa na waliofariki lilikuwa tayari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa matumizi ya vyandarua hivyo yaliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne.

Hapo ndipo uzamivu unapoanza. Aliyenunua chandarua huenda alikuwa na kipato zaidi, au anaishi jirani na zahanati. Katika kunusurika kwa mwanawe, chandarua kina sehemu gani na mfuko wa baba una sehemu gani? Utakaa na swali la namna hii kwa miaka, na takwimu peke yake hazitakutosha. Itakubidi ujue kwamba msimu wa mpunga familia nyingi za bonde la Kilombero huhamia mashambani kwa miezi, zikilala kwenye vibanda mbali na kijiji, na kwamba chandarua kilichobaki kimetundikwa nyumbani hakimkingi mtu. Hilo hutalijua kwa kukaa maktaba.

Mengine ni taratibu, nazo zina wenyewe: andiko la utafiti, kibali cha maadili cha chuo na mara nyingi cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, barua ya wilaya, kisha hodi kwa mtendaji wa kijiji. Msimamizi mchague kwa jinsi anavyosoma rasimu za wanafunzi wake. Ukubwa wa jina lake hautakusaidia usiku unapokwama kwenye uchambuzi. Fomu ya ridhaa isome kwa sauti mbele ya bibi asiyejua kusoma, na akikataa, mshukuru uende zako.

Swali lako lichague ukijua nani atalifanyia kazi jibu. Mwaka 2004 wajawazito wa Tanzania walianza kupewa hati punguzo kliniki, wakaenda nayo dukani kununua chandarua kwa bei nafuu. Mpango ule ulijengwa juu ya yale yaliyojifunzwa Kilombero na Ulanga. Na kwenye bajeti ya andiko lako, kabla hujaipeleka kwa msimamizi, weka nauli ya kurudi kijijini tasnifu ikishapita, na siku nzima ya mkutano wa mrejesho. Wafadhili hupenda kuukata mstari huo. Utetee.