UDONGO NA MAANA ZAKE

Neno udongo lapita midomoni mwetu kila siku wala hatulitazami. Mtoto akirudi mchezoni twamwambia ajipanguse udongo. Mfinyanzi atafuta udongo, mwashi atafuta udongo, na mwenye kuzika hufukia udongo. Ni neno moja, lakini vitu vyake ni vingi. Lililotusukuma kuliandikia ni kisa cha shamba.

Tuliitwa katika kijiji kimoja cha mrima tuwe mashahidi wa kugawa mirathi. Marehemu aliacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Hesabu ya sheria ilitolewa vizuri: mafungu 40, mjane 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Kisha ikaletwa kamba, shamba likapimwa, kila mmoja akaonyeshwa mpaka wake. Lakini shamba lile halikuwa la namna moja. Juu palikuwa na udongo mwekundu wenye michungwa, katikati kichanga chenye minazi, chini bonde la udongo mweusi, na pembeni pande la mawe ya matumbawe ambapo hata mbuzi hulisha kwa taabu. Mafungu 7 ya binti yakaangukia mawe. Binti yule alisimama kimya, kisha akamwambia nduguye mkubwa, “Kaka, hapa nitapanda nini?” Hapakuwa na aliyemjibu.

Nasi tulikuwamo miongoni mwa walionyamaza. Tulipokwisha rudi nyumbani tukaona haya, maana dini yetu haikuuacha udongo bila ya kuupambanua.

Kurani Tukufu yataja asili ya mwanadamu kwa majina kadha wa kadha. Pana *turab*, udongo mkavu kama vumbi. Pana *tin*, udongo uliochanganyika na maji. Pana *hamaa masnun*, tope jeusi lililobadilika kwa kukaa. Na pana *salsal*, udongo uliokauka hata ukigongwa hulia. Majina haya hayapingani. Mama zetu wafinyanzi wazijua hatua hizi kwa mikono yao: huuchimba mkavu, huulowesha, huuacha ukae mpaka ulainike, huufinyanga, huuanika. Na mwenye kununua mtungi huugonga kwa ukucha asikilize mlio wake kabla ya kutoa fedha. Wahenga waliosema udongo uwahi ungali maji, walikuwa wameketi karibu na mfinyanzi.

Tena imepokewa katika hadithi ya Mtume s.a.w. kuwa Adamu aliumbwa kwa gao lililokusanywa katika ardhi yote, ndiyo maana wanawe wakatoka weupe, wekundu, weusi na baina ya hayo, wengine wapole na wengine wagumu. Ajionaye bora kwa ngozi yake ajivunia rangi ya udongo tu.

Lakini hadithi iliyotukaa zaidi moyoni ni ile aliyoipokea Abu Musa Al-Ash‘ari, iliyomo katika Bukhari, ambayo Mtume s.a.w. aliufananisha uongofu na elimu aliyokuja nayo na mvua kubwa. Mvua ni moja, lakini yaangukia ardhi tatu. Ya kwanza ni njema, hunywa maji ikaotesha majani mengi. Ya pili ni ngumu, haioteshi, lakini huyashika maji, watu wakanywa na kunywesha wanyama wao. Ya tatu ni tambarare tupu, haishiki maji wala haioteshi. Mara nyingi wahubiri huieleza hadithi hii kwa upande wa nyoyo peke yake, wakaiacha ardhi. Nasi twasema: mfano hauwezi kufahamika kwa asiyejua kinachofananishiwa. Kijana ambaye hajapata kumwaga ndoo ya maji juu ya kichanga, kisha akaimwaga juu ya mfinyanzi, ataifahamu nusu tu.

Basi siri yenyewe ni hii. Punje ya mchanga huweza kufika upana wa milimita 2, na baina ya punje mna nafasi kubwa, maji hupita mbio yakichukua mbolea. Chembe ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002, haionekani kwa macho. Hushikana, huzuia maji na chakula cha mimea, lakini ukikauka hupasuka, na ukilowa hunata jembeni. Udongo tifutifu ni ule uliochanganya wakubwa na wadogo kwa kiasi, ukawa na mboji ya majani yaliyooza. Wekundu hutokana na kutu ya chuma. Ukitaka kuujua udongo wa kwenu, ulowe kidogo, uviringe viganjani kama kamba. Usioviringika ni wa mchanga. Unaoviringika na kupindwa hata ukawa pete bila ya kukatika ni mfinyanzi. Wazee wa Unguja waliyajua haya zamani, wakaita kichanga, kinongo kile chekundu, kinamo cha mabondeni kwenye mpunga, na uwanda wa mawe wenye udongo haba. Wataalamu walipokuja kuupima udongo wa visiwa walikuta majina tayari, wakayatumia.

Si kila mtaalamu aliyeuliza. Mwaka 1947 Waingereza, kwa upungufu wa mafuta ya kupikia baada ya vita, walianza mpango wa karanga katika Tanganyika, nao ulikusudia kulima zaidi ya eka milioni 3. Wakaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Matrekta yaling’oa misitu, na udongo ulipokuwa na unyevu ulionekana mzuri. Kiangazi kilipofika ukakauka ukawa kama sakafu; punje zake kali zikala vyuma vya majembe, na karanga zilizozaa chini hazikuchimbika. Hatusemi udongo peke yake ndio uliouvunja mpango ule, kwani mvua nazo zilikuwa haba na mashine ziliharibika kila siku. Lakini mwaka 1951 ulipoachwa, zilikuwa zimekwisha pauni kiasi cha milioni 36.

Mafakihi wetu walikuwa waangalifu kuliko hivyo. Tazama tayamamu: mbele ya Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, sharti uwe udongo wenye vumbi, na mchanga mtupu usio na vumbi hautoshi, Mahanafi na Wamaliki waruhusu hata mchanga na jiwe. Na katika mlango wa kugawa mali ya shirika walieleza kuwa ardhi ikiwa sawasawa hugawanywa kwa kipimo, lakini ikihitilafiana kwa rutuba au kwa ukaribu wa maji, hugawanywa kwa thamani, hata kama fungu moja litakuwa dogo kuliko jingine kwa kamba. Hilo ndilo tulilopaswa kulisema siku ile.

Tulirejea baada ya wiki mbili pamoja na sheikh wa kijiji. Kaka mkubwa alinuna kwanza, akisema jambo limekwisha na mashahidi ni sisi wenyewe. Tukamwambia kweli, na tumekuja kuukosoa ushahidi wetu. Tukachimba mashimo kimo cha goti mahali sita, tukaulowesha udongo, kila mrithi akauviringa kwa mkono wake. Mjane akatucheka namna tulivyochafuka kanzu. Wazee wawili wasio na fungu wakakadiria kila pande lingeuzwa kwa kiasi gani. Michungwa na bonde vikagawanywa upya, na mawe akayachukua mwana wa pili, aliyetaka mahali pa kujenga, pamoja na kichanga cha kufidia. Binti alipata kipande cha bondeni, kidogo kwa kamba kuliko kile cha kwanza. Masika iliyofuata alipanda mpunga.