HAKIMU AKITUKOSEA, TUMPELEKE WAPI?



Katika semina zetu za sheria Mbagala na Tandale, swali hili hurudi kila mara. Wengi huuliza baada ya kushindwa kesi ya mirathi au kiwanja, na wengine huwa wameshakimbilia kwa diwani au mbunge. Ni vema tuelewe kwanza hakimu anapataje kazi, na nani anaweza kumwondoa.

Hapa Tanzania hakimu hapigiwi kura, tofauti na majimbo mengi ya Marekani ambako majaji huchaguliwa na wananchi. Mahakimu, kuanzia wa Mahakama ya Mwanzo, huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Tume hiyo ndiyo huwathibitisha kazini, huwapandisha cheo na huwafukuza. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume. Umri wao wa kustaafu ni miaka 60, na kabla ya hapo hawaondolewi kwa mwenendo mbaya mpaka jopo la wajumbe wasiopungua 3 lichunguze.

Kwa nini walindwe hivyo? Mjane anayedai nyumba dhidi ya shemeji mwenye fedha anahitaji hakimu asiyeogopa simu ya mkubwa.

Lakini ulinzi si ruhusa ya kula rushwa. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliunda Kamati za Maadili ya Maafisa wa Mahakama. Ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya, na ya mkoa huongozwa na Mkuu wa Mkoa. Hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya mahakimu.

Tukumbuke tofauti hii:

- Huridhiki na hukumu? Kata rufaa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya, muda ni siku 30.
- Hakimu ameomba rushwa au amekutolea lugha ya matusi? Peleka malalamiko kwenye Kamati ya Maadili. Kwa rushwa, wapo pia TAKUKURU.

Kamati haiwezi kubadili hukumu. Anayesubiri majibu yake huku siku 30 zikipita anaweza kupoteza nyumba yake.

Tunaziomba kamati za parokia zisome maelezo haya katika jumuiya.