Ndege baba mwenye kulinda yai

Ndugu msomaji, unajua pengwini? Ni ndege, lakini haruki, anaogelea. Akitembea, anayumba-yumba kama mtoto anayejifunza kusimama, na kila mtu anacheka. Wako aina mingi. Mdogo wa wote, wa Australia na Nyuzilandi, ana santimetre 35 hivi na kilo 1 tu. Mkubwa, wa Antaktika, anapita metre 1 na anaweza kufika kilo 40. Hata Afrika ya Kusini na Namibia wako, lakini samaki wanawapungukia na hesabu yao imeshuka sana.

Ule mkubwa anatufundisha. Mama akiisha kutaga yai moja, anaenda baharini kutafuta chakula. Baba anabaki kwenye beridi kali, yai juu ya miguu yake, siku 65 hivi, bila kula kitu. Wababa wanasongamana na kubadilishana: wa inje anaingia katikati, wa katikati anatoka. Yai likibaki juu ya barafu, linaganda, mtoto amekufa.

Baba wa kambi, unatoka poste, feza iko mfukoni, nganda iko karibu. Yai lako la nyumbani, nani analichunga? Rudi kwanza kwa bibi na watoto. Mungu aliyemfundisha ule ndege atakusaidia na wewe.