Rafu, Laini na Msasa

Msomaji, ukijaaliwa kufika Tabaka, katika nchi ya Wakisii, utaona vinyago na vibakuli vilivyochongwa kwa jiwe la sabuni. Jiwe lenyewe hukatika kwa kisu. Hata hivyo, kinyago kitokapo kwa mchongaji huwa kingali na mikwaruzo, ukikipapasa chakuparuza. Hapo ndipo akina mama wakichukuapo, wakakitia maji na kukisugua kwa msasa, kwanza wa chembe kubwa, kisha wa chembe ndogo, na mwisho kikapakwa nta king'ae.

Kabla ya msasa kinyago hicho kikoje? Kijana wa Kisii au Nyamira huenda akakujibu: "Ni rafu." Neno hili ni "rough" la Kiingereza. Hapo kale lilitaja kitu chenye manyoya au kisicho sawasawa. Ile "gh" yake Waingereza waliitamka kooni, mfano wa "kh" yetu ya kheri, kisha ikageuka "f". Mwenziwe, "coarse", lilikuwa na maana ya kitu cha kawaida tu, kama nguo ya kila siku. Hatimaye nguo ya kawaida ikawa ndiyo nguo ngumu.

Kwetu sisi, rafu ilishika zaidi uwanja wa mpira: amwumizaye mwenziwe amecheza rafu. Nalo laini tumelipata kwa Kiarabu. Basi ikiwa ulaini ni wa Waarabu na rafu ni ya Waingereza, sisi wenyewe hatukuwa na vidole?

Tulikuwa navyo. Maseremala wa pwani walisugua mbao kwa majani ya mti uitwao msasa, yaparuzayo mithili ya ulimi wa paka. Karatasi ya mchanga ilipoingia madukani ilirithi jina la mti huo. Watu wengi huinunua leo bila kujua kwamba wanataja jani.

Rafu na ibaki uwanjani. Hatuna ugomvi nayo. Lakini tukiiachia kila kitu, tutapoteza kuparuza, kukwaruza na msasa, maneno yaliyozaliwa na kazi za mikono. Anunuaye kinyago cha Tabaka hupapasa ulaini wake akamsifu mchongaji. Mama aliyekisugua hatajwi. Tusilifanyie neno letu vivyo hivyo.